RAM ya pili kwenye laptop isiyo na kadi ya grafiki: lini inasaidia gemu, na jinsi ya kuiweka

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nina EliteBook 840 G3, i5, RAM 8. Nikiongeza iwe 16, GTA V itacheza vizuri?" Jibu linategemea hizo GB 8 zimekaaje ndani ya mashine. Kama ni RAM moja ya GB 8 na sloti ya pili iko tupu, ongeza, na utaona tofauti. Kama tayari ni 4+4 (RAM mbili za GB 4) na gemu yako haizijazi, kupanda hadi 16 hakutakuongezea karibu chochote, na hela hiyo ni afadhali uweke kwenye SSD (diski ya chipu, yenye kasi) ikiwa bado unatumia diski ya kuzunguka.

Mwongozo huu ni wa laptop ambazo grafiki yake iko ndani ya prosesa: Intel HD, UHD na Iris Xe, pamoja na AMD Radeon Vega. Ndizo zilizojaa madukani kwetu, hasa mashine za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, zile ambazo Kenya huuzwa kwa jina la "ex-UK".

Kwa nini RAM inaigusa gemu

Kadi ya grafiki inayojitegemea ina kumbukumbu yake. Grafiki ya ndani haina. Picha zote za gemu hukaa kwenye RAM ileile inayotumiwa na Windows, Chrome na gemu yenyewe. Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya: ujazo, yaani GB ngapi, na kasi ya kupitisha data, yaani grafiki inahudumiwa haraka kiasi gani.

RAM moja ya DDR4-2400 (DDR4 ni kizazi cha RAM, 2400 ni kasi yake) hupitisha GB 19.2 kwa sekunde. Zikiwa mbili, prosesa husoma zote kwa pamoja na kiwango cha juu kinakuwa GB 38.4. Hiyo ndiyo chaneli mbili. Kwenye Word na Excel hutaona kitu, lakini grafiki ya ndani hushinda na njaa ya data, na njia ya pili ndiyo inayoilisha. Ndiyo maana mashine yenye 4+4 huweza kuizidi yenye 8 moja kwenye gemu nyepesi, ingawa jumla ni ileile.

Faida haiwi sawa kwa kila mashine. HD 520 na UHD 620 hupata nyongeza ya wastani, kwa sababu zenyewe ni dhaifu na prosesa yake ya wati 15 huishiwa pumzi mapema. Vega 8 ya Ryzen 5 3500U na Iris Xe ya i5-1135G7 zina nguvu zaidi, hivyo RAM moja inazikaba kwelikweli. Huko FPS (idadi ya picha kwa sekunde) kupanda kwa theluthi si ajabu. Iris Xe ina kituko chake: ikikuta RAM moja tu, Windows huiandika "Intel UHD Graphics" badala ya Iris Xe. Mtu hukimbilia dukani akidhani ametapeliwa prosesa, kumbe kinachokosekana ni RAM ya pili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota ndogo, PH0 na PH1. Iliyochakaa ncha itakuharibia vichwa vya skrubu.
- Kadi ya plastiki ya zamani ya kuachanishia kifuniko.
- Chaja ya asili ya laptop, au yenye wati zilezile.
- CPU-Z, programu ya kuonyesha prosesa na RAM zilizomo, ni ya bure. Pia flash yenye MemTest86, ya kupima kama RAM ni nzima.
- Kifutio cheupe cha penseli.
- Mwongozo wa ufundi wa modeli yako. HP, Lenovo na Dell huitoa bure kwenye tovuti zao, na ina picha za kila skrubu.
- RAM yenyewe. Lakini usiinunue kabla ya kumaliza hatua ya 2.

Hatua

1. Pima hali ya sasa.
Chomeka chaja, kisha kwenye mipangilio ya umeme ya Windows chagua Best performance. Fungua gemu, uchague sehemu moja utakayoirudia baadaye: uwanja uleule, mtaa uleule, mipangilio ileile. GTA V ina kipimo chake mwenyewe. Ukiwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya grafiki bonyeza Tab. Kwa gemu nyingine bonyeza Windows + G, fungua kidirisha cha Performance, uandike FPS unazoziona pale pazito, si pale pepesi.

Gemu ikiwa imecheza dakika kumi hivi, toka kwa Alt + Tab na ufungue Task Manager kwa Ctrl + Shift + Esc. Nenda Performance, usome vitu vitatu:

- Memory ikionyesha 7.4 kati ya 7.8, umeishiwa ujazo. Dalili yake kwenye gemu ni kuganda nusu sekunde, kuendelea, kisha kuganda tena.
- GPU ikikaa 95 hadi 100% huku RAM ikibaki na nafasi, grafiki ndiyo imefika mwisho. Dalili yake ni FPS za chini wakati wote, bila kuganda. Hapa chaneli ya pili ndiyo dawa, kama hunayo.
- CPU ikiwa 100% na GPU 50%, RAM haitabadilisha mengi. Funga kwanza programu zinazofanya kazi nyuma.

2. Hesabu sloti, na uangalie chaneli.
Kwenye Performance > Memory, chini kulia, kuna "Slots used". Ikisema 1 of 2, una bahati. Usiiamini peke yake, maana kwenye laptop zenye RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi husema visivyo. Fungua CPU-Z, kichupo cha Memory. Matoleo ya zamani huandika Single au Dual. Mapya huandika 1 x 64-bit kwa chaneli moja na 2 x 64-bit kwa mbili. Kwa DDR5 namba ni nyingine: RAM moja husomeka 2 x 32-bit, na mbili husomeka 4 x 32-bit, kwa hiyo usidanganyike na hiyo "2".

Papo hapo utaona DRAM Frequency. Ni nusu ya namba iliyo kwenye lebo: 1200 MHz ni DDR4-2400. Hakuna aliyekuibia.

Modeli zinazoulizwa sana:

- HP EliteBook 840 G3 na G5, Dell Latitude E7470, ThinkPad T470 na T480: sloti mbili za DDR4.
- ThinkPad T460: sloti mbili, lakini za DDR3L.
- ThinkPad X250, X260, X270: sloti moja tu. Chaneli mbili haiwezekani hata ufanyeje. Unaweza kuongeza ujazo peke yake.
- ThinkPad T460s na T480s: RAM moja imechomelewa, na sloti moja iko wazi.
- ThinkPad X280, X1 Carbon, MacBook Air: zote zimechomelewa. Hakuna cha kuongeza, na fundi anayekuambia ataongeza muulize vizuri anakusudia nini.

3. Nunua RAM inayolingana.
Laptop hutumia SODIMM, ile fupi. Ya kompyuta ya mezani haiingii. Kisha kuna vizazi, na kila kimoja kina mkato mahali pake:

- DDR3L: pini 204, volti 1.35. Lebo huandikwa PC3L-12800S.
- DDR4: pini 260, volti 1.2. Lebo huandikwa PC4-2133P, PC4-2400T, PC4-2666V au PC4-3200AA.
- DDR5: pini 262, volti 1.1.

Mtego mkubwa uko kwenye DDR3. Ile ya kawaida ya volti 1.5, iliyoandikwa PC3 bila L, ina umbo sawasawa na DDR3L na huingia kwenye sloti bila tatizo. Ila laptop nyingi za Intel kizazi cha 4 na cha 5 zitakataa kuwaka nayo. Hiyo L itafute kwa macho yako kabla hujalipa.

Kuhusu kasi: RAM ya 3200 kwenye mashine inayoishia 2400 itafanya kazi kwa 2400. Haina madhara, ila usiilipie zaidi. Zikiwa mbili za kasi tofauti, zote hufuata ya polepole. Kwa hiyo kuongeza 2133 ya bei rahisi kando ya 3200 kwenye Iris Xe ni kujirudisha nyuma: unapata chaneli mbili kisha unaikata miguu. Prosesa za i5-6300U na i5-7200U huishia DDR4-2133, i5-8250U 2400, i5-10210U 2666, i5-1135G7 na Ryzen 5 5500U 3200.

Kuhusu ujazo: bora ni mbili zinazolingana. Ukiwa na 8 na ukapata 4, si mbaya kama watu wanavyosema. GB 8 za kwanza (4 kutoka kila upande) zitakwenda kwa chaneli mbili, na 4 zilizobaki kwa moja. Kwa mashine za namna hii 8+8 inatosha gemu yoyote ambayo grafiki yake inaweza kuibeba. 16+16 ni ya wanaohariri video au kuendesha mashine pepe, gemu hazitaigusa.

RAM iliyotumika ni sawa kununua, kwani hazichakai kama betri. Angalia chipu zote ziwe na maandishi yanayofanana na pini zisiwe na mikwaruzo mirefu, kisha omba ijaribiwe kwenye mashine yako pale pale. Lebo hubandikwa tu. Kichupo cha SPD kwenye CPU-Z, kinachosoma taarifa zilizohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, ndicho kinachosema ukweli wa kilichomo.

4. Zima kabisa, na uikate betri.
Windows ikizimwa kawaida huwa haizimiki yote. Shikilia Shift ukibonyeza Shut down. Chomoa chaja na kila kilichochomekwa.

Kwenye T470 na T480 kuna betri ya pili ndani. Kabla ya kufungua, washa ukibonyeza F1 kuingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla ya Windows), nenda Config > Power > Disable Built-in Battery, kubali, itajizima. Kisha toa betri ya nje. Kwenye HP na Dell, kitu cha kwanza baada ya kufungua kifuniko ni kutenganisha kiunganishi cha betri. Halafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 15 kumaliza umeme uliobaki.

Usiruke hatua hii. RAM iliyoingizwa umeme ukiwa bado unapita huweza kufa, na mara nyingine hufa na mazabodi.

5. Fungua kifuniko cha chini.
Kwenye nyingi za modeli hizi skrubu hazitoki kabisa. Hulegea tu na kubaki kwenye kifuniko. Ukiendelea kuzungusha ukingoja ziruke nje utavunja vishikizo vyake. Zikishalegea zote, pitisha kadi ya plastiki ukingoni taratibu hadi klipu ziachie. Kukiwa na sehemu iliyogoma, kuna skrubu umeisahau. Bisibisi bapa ya chuma hapa ni ya kuvunjia klipu tu.

Fanya kazi juu ya meza, si kwenye zulia wala kitandani. Gusa kwanza chuma kisicho na rangi, kama fremu ya dirisha, kabla ya kushika RAM. Iliyopo, kama unaitoa, sukuma klipu mbili za pembeni kwa nje, itainuka yenyewe.

6. Ingiza RAM.
Ishike kwa kingo, bila kugusa dhahabu. Mkato wake hauko katikati, kwa hiyo inaingia upande mmoja tu. Iinamishe nyuzi kama 30, uisukume ndani ya sloti hadi ule mstari wa dhahabu ukaribie kupotea. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaibonyeza chini ikiwa bado imetoka milimita mbili, klipu zinashika, kila kitu kinaonekana sawa, lakini mashine haiioni. Ikishaingia sawasawa ndipo uibonyeze chini hadi klipu zote mbili zilie. Ikikudai nguvu nyingi, simama. Umeigeuza, au si kizazi chake.

Kwenye laptop ambazo sloti zimepandana, anza na ya chini.

7. Washa kabla ya kukaza skrubu.
Rudisha kiunganishi cha betri, weka kifuniko bila kukikaza, chomeka chaja na uwashe. Kwa T480, kuchomeka chaja ndiko kunakoirudisha betri ya ndani. Usishtuke skrini ikibaki nyeusi dakika moja au mbili, na kwa DDR5 hata zaidi. Mashine inaipima RAM mpya mara hii ya kwanza. Dell huweza kukuambia kiasi cha kumbukumbu kimebadilika, chagua Continue.

8. Hakikisha.
CPU-Z isome 2 x 64-bit au Dual. Kisha anzisha kwa flash ya MemTest86, uiache usiku imalize angalau duru moja. Kosa hata moja ni kosa: RAM hiyo irudi dukani. Kama huna nafasi, andika mdsched kwenye Run, ingawa ni kipimo chepesi.

9. Rekebisha kinachohitajika, uache kisichohitajika.
Watu huona "Dedicated Video Memory: 128 MB" na kuanza kutafuta jinsi ya kuipandisha. Iache. Intel huazima RAM kadiri gemu inavyotaka, na Windows huiruhusu hadi nusu ya jumla. Ile mbinu ya kuongeza DedicatedSegmentSize kwenye Registry (hifadhi ya mipangilio ya Windows) hubadilisha namba inayoonyeshwa tu. Inaweza kuihadaa gemu inayokataa kufunguka, haiongezi FPS.

Kwa AMD, baadhi ya BIOS zina UMA Frame Buffer Size, yaani RAM inayotengewa grafiki. Ukiwa na GB 16 unaweza kuiweka GB 1 au 2. Ukiwa na 8 usiiguse, utajinyima mwenyewe.

Sakinisha draiva mpya ya grafiki kutoka kwa mtengenezaji, kisha shusha azimio (idadi ya pikseli) kwenye gemu. 1280 x 720 ina pikseli chini ya nusu ya 1920 x 1080. Kwenye UHD 620 hilo peke yake huweza kukupa zaidi ya RAM yoyote.

10. Pima tena, pale pale, kwa mipangilio ileile ya hatua ya 1.

Mambo yakienda mrama

*Haiwaki, skrini nyeusi, au taa ya Caps Lock inapepesa.* Zima, kata betri, toa RAM mpya. Ikiwaka na ya zamani, rudisha mpya peke yake kwenye sloti ileile ya zamani. Ikigoma, ama RAM ni mbovu ama si aina yake. Ikiwaka, tatizo liko kwenye sloti ya pili: sugua pini za RAM kwa kifutio, pangusa vumbi, puliza sloti kwa kipulizio, si kwa mdomo, na ujaribu tena.

*Inawaka lakini GB ni zilezile.* Mara nyingi haijaingia hadi mwisho. Rudia hatua ya 6.

*GB zinaonekana lakini zinazotumika ni chache.* Ukiona 16 zimewekwa na chini ya 4 zinatumika, una Windows ya biti 32. Weka ya 64. Vinginevyo fungua msconfig, Boot, Advanced options, uondoe tiki ya Maximum memory. Pengo la robo hadi nusu GB ni la kawaida, na kwa AMD linaweza kufika 2.

*Skrini ya bluu ya MEMORY_MANAGEMENT, au gemu inajifunga yenyewe.* Endesha MemTest86 kwa RAM moja moja. Ikiwa kila moja ni safi peke yake lakini zikiwa pamoja zinakosea, hazipatani. Badilisha iliyoongezwa kwa inayofanana na ya kwanza.

*Chaneli ni mbili lakini FPS hazijapanda.* Fungua HWiNFO (programu ya kusoma vipimo vya mashine) gemu ikiendelea, uangalie joto na kasi ya prosesa. Ikifika nyuzi 95 kisha kasi ikaporomoka, inahitaji kusafishwa feni na kubadilishiwa grisi ya joto. Angalia na chaja: Dell isipoitambua chaja huipunguzia prosesa kasi bila huruma, na huwa imeshakuonya wakati wa kuwaka, ujumbe ambao wengi huupita kwa Enter.

*FPS zimepanda lakini inakwama kila baada ya sekunde chache.* Rudi Task Manager, tazama Disk. Ikiwa 100% na ni diski ya kuzunguka, gemu inangoja diski isome. Hamishia gemu na Windows kwenye SSD. 840 G3 na T480 zinakubali ya SATA ya inchi 2.5 pale pale ilipokaa ya zamani.